Jicho Linalosoma Tumbo

Mkulima wa Bukoba au Moshi angeitambua alama hii bila kufundishwa. Mgonjwa ni mtu mzima, tumbo limetuna, choo hapati, hata upepo hautoki. Analazwa chali, anapigwa eksirei, na kwenye picha kunatokea punje kubwa ya buni, imesimama kutoka kwenye nyonga na ufa wake katikati. Ile punje ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imejisokota na kujaa gesi; ule ufa ni kuta mbili zilizobanana. Kwa wagonjwa wengi picha hiyo moja inatosha. Siti skani huonyesha zaidi, sibishi, ila kuna hospitali ngapi za wilaya zilizo nayo?

Kwa mtoto mchanga kazi ni ngumu zaidi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mpiga ultrasaundi. Kwanza anapasha jeli joto, maana mtoto akishtuka na kulia, tumbo hukakamaa. Anaweka probu juu ya kitovu na kutafuta mishipa miwili inayokwenda pamoja: ateri inayopeleka damu kwenye utumbo na vena inayoirudisha. Kwa kawaida vena hukaa kulia kwa ateri. Akishaipata, anateremsha probu taratibu, huku akikandamiza kidogo ili gesi isogee. Utumbo ukiwa umejisokota, vena huonekana ikiizunguka ateri kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Pracros na wenzake, huko Ufaransa, waliieleza alama hiyo mwaka 1992. Mkono wenye pupa huipita bila kuiona.

Fundi mzuri pia hadanganywi na picha safi. Asipouona mzunguko huo na wasiwasi ukabaki, anaomba mtoto anyweshwe dawa ya kuonekana kwenye eksirei, waifuate inavyopita kutoka tumboni kwenda utumboni. Na akiuona, haachi ripoti mezani isubiri zamu ya asubuhi. Anampigia daktari wa upasuaji papo hapo, kwa sababu utumbo usiopata damu hufa ndani ya saa chache.

Lakini hawezi kumpima mtoto ambaye hajaletwa. Mama, mtoto mchanga akitapika kijani, huenda utumbo wake umejisokota; usingoje kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.