"Ikiwa" na "-ki-": Sharti katika Lugha ya Kompyuta

Afundishaye uandishi wa programu kwa Kiswahili hukutana mapema na neno "if" la Pascal, lugha iliyotangazwa na Niklaus Wirth mwaka 1970. Kishawishi cha kwanza ni kulifasiri kwa kiambishi -ki-, maana ndicho kifupi na ndicho kitamu masikioni. Kishawishi hicho chafaa kupingwa.

Itazamwe sentensi hii: "Alama zikifika 10, andika: amefaulu." Msikilizaji huipokea kama ahadi ya kudumu, kwani -ki- hubeba sharti na wakati pamoja: alama zifikapo 10, leo au kesho, maandishi yatokee. Kompyuta haiahidi hivyo. Huyapima masharti mara moja, pale inapoyafikia. Alama zikiwa 9 hupita. Na hata mstari unaofuata ukizipandisha hadi 12, hairudi nyuma. Mwanafunzi angojaye neno "amefaulu" hakukosea hesabu. Amepotoshwa na sarufi.

"Ikiwa" lafaa zaidi. Kweli, -ki- imo ndani yake pia, lakini imekwisha kuganda, na neno zima huuliza hali iliyopo tu. "Kama" limelemewa na kazi: hulinganisha, na katika Kiswahili cha Lubumbashi huanzisha hata habari iliyosemwa, "alisema kama atakuja". Ama -nge-, haina mahali: sharti la Pascal halisemi kuhusu lililokosa kutokea.

Penye ugumu zaidi ni "la sivyo". Karani aandikiwe: "Ikiwa mwanafunzi amelipa ada, ikiwa alama zake zimefika 10, aandikwe amefaulu, la sivyo aitwe ofisini." Nani aitwe? Asiyelipa, au aliyelipa akashindwa mtihani? Kiswahili hakiamui. Pascal na C huamua kwa kuambatisha "else" na "if" iliyo karibu: aliyelipa akashindwa ataitwa, na asiyelipa hataguswa kabisa, jambo ambalo mhasibu hakulikusudia. Algol 60 ilikuwa na busara kubwa zaidi, kwani ilikataza sharti kufuata moja kwa moja baada ya "then" pasipo kuzungushiwa "begin" na "end".

Tafsiri isiyo na neno la kufungia humrithisha karani utata huo wote. Algol 68 ilifunga kila sharti kwa "fi", yaani "if" iliyogeuzwa. Kiswahili hakihitaji mchezo huo, "mwisho" latosha.