Itifaki Imezingatiwa, Sasa Tumsome Wangari

Hudhuria hafla yoyote Kenya, kuanzia mazishi ya kijijini hadi uzinduzi wa kitabu pale mjini, na utaona jinsi vyeo vinavyokula nusu saa ya kwanza. Mheshimiwa, Daktari, Profesa, Injinia, Wakili. Anayetambulishwa akiwa mwanamke, kuna nyongeza: "wa kwanza" kuwa hiki au kile. MC akichoka, anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, na watu wanaendelea na shughuli.

Sidhani kuna Mkenya ambaye mazoea haya yamemfunika kama Wangari Maathai. Shuleni tulimkariri kama orodha. Mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata PhD, 1971. Mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel, 2004. Mwalimu angeuliza alikuwa mtu wa aina gani, darasa zima lingenyamaza. Hatukujua. Tulijua vyeo.

Ndiyo maana nataka tuisome upya tawasifu yake, Unbowed, iliyotoka 2006. Watu huitaja kama hadithi ya ushindi. Mimi naona ni kitabu cha mwanamke anayepokonywa vyeo, tena na tena, na kila mara inabidi atafute amebaki nani.

Hebu hesabu. Mwaka wa 1966 anarudi kutoka Marekani akiwa na barua ya kazi kutoka chuo kikuu hapa Nairobi. Anafika, anaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. 1979, ndoa inavunjwa mahakamani, na aliyekuwa mume hataki aendelee kutumia jina la Mathai. Anaongeza herufi moja, anakuwa Maathai, maisha yanasonga. 1982 anajiuzulu chuoni ili agombee ubunge kule Nyeri. Anazuiwa kugombea, kisha chuo kinakataa kumrudisha kazini. Kazi imeenda, na nyumba ya chuo pia. Ana umri wa miaka arobaini na kidogo. 1989 anapinga jumba refu ambalo serikali ya Moi ilitaka kujenga Uhuru Park. Green Belt Movement inatimuliwa kwenye ofisi yake, na shughuli zote zinahamia nyumbani kwake South C.

Kwangu, sehemu bora ya kitabu ni hiyo, kati ya talaka na South C. Lugha yake ni kavu, karibu iwe ya ripoti, lakini ukavu huo unafanya kazi. Hajihurumii. Anaeleza nani alisema nini, barua ilifika lini, mlango upi ulifungwa. Unaanza kuona jambo ambalo orodha ya shuleni ilificha: cheo hakikumkinga hata siku moja. Wabunge walipomshambulia 1989, hawakubishana na profesa wa anatomia ya mifugo. Walimkumbusha kwamba ameachika. Miaka yote ya masomo, digrii zote, wakaziruka moja kwa moja hadi kwenye talaka. Mwanamke yeyote aliyewahi kuongoza kitu nchini hii anaijua njia hiyo ya mkato.

Alikuwa ameionja hata mapema, alipopigania marupurupu sawa kwa wahadhiri wa kike. Yeye na mwenzake walipewa walichotaka, lakini kwa namna ya kuwahesabu kama wanaume wa heshima. Yaani cheo kilikuwepo, ila kilishonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Unaweza kukivaa. Kitakubana tu.

Sasa alibaki na nini? Siku hizi swali hili lina soko lake. Kuna makongamano ya wanawake viongozi kwenye hoteli kubwa, na ujumbe ni uleule: wewe ni zaidi ya kazi yako, jitazame ndani, jipende. Siyabezi. Lakini Unbowed haijibu hivyo. Wangari hajitazami ndani sana. Anatazama chini, kwenye udongo.

Kuna jambo dogo la malipo ambalo wengi hulipita bila kusimama. Wanawake wa vijijini waliokuza miche ya Green Belt walilipwa pesa kidogo, na walilipwa kwa kila mche ulioshika. Kuupanda tu hakukutosha. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na cheti chochote, na wataalamu wa misitu waliwatilia shaka. Mti haukuuliza cheti. Ulikua au ulikauka. Hata ile miti saba ya kwanza, iliyopandwa Kamukunji Juni 1977, mingi ilikauka.

Hicho ndicho kipimo cha thamani ambacho kitabu kinapendekeza, bila kukitangaza. Je, kuna kitu kinachoendelea kuishi baada ya wewe kugeuka na kwenda? Na je, wapo watu wanaokujua kwa kitu hicho, hata kama hawajui jina la ofisi yako? Mwaka wa 1992 Wangari aliketi Uhuru Park na akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Wengi wao hawakuwa na cheo zaidi ya kuwa mama wa fulani. Polisi walipokuja, walimpiga profesa hadi akazirai, na baadhi ya mama wale wakavua nguo mbele ya askari. Pale hakukuwa na itifaki ya kuzingatia.

Utaniambia ni rahisi kudharau cheo ukiwa na PhD. Ni kweli. Mimi niliacha chuo bila digrii, naandika kwa malipo ya kipande kwa kipande, na najua jinsi swali la "siku hizi unafanya nini?" linavyoweza kukaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu asiye na cheo hahitaji kuambiwa cheo si kitu. Anahitaji kodi. Wangari mwenyewe alihitaji mshahara, na wafadhili walipokubali kumlipa aratibu Green Belt ndipo akapata pa kusimama. Kitabu hakifichi hilo, na hiyo ni heshima yake. Hakisemi uishi kwa hewa. Kinasema usimpe mwajiri kazi ya kukuambia wewe ni nani.

Lakini kuna mahali kinanikera. Baada ya talaka, Wangari anawapeleka watoto wake watatu kwa baba yao ili akafanye kazi Zambia. Nilitaka aketi hapo. Nilitaka kujua jioni ya siku hiyo ilikuwaje. Anatupa kurasa chache, kisha gari linaondoka. Anafanya hivyo mara nyingi, jeraha halijafungwa na tayari tuko kwenye mradi unaofuata. Hatari yake ni kwamba msomaji anaweza kuondoa cheo na kuweka kazi isiyoisha mahali pake, halafu akaita hiyo uhuru. Kiongozi mwanamke aliyechoka tayari hahitaji somo hilo.

Jina la kitabu lina lawama pia. Unbowed ni mtu asiyeinama. Linapendeza kwenye jalada, lakini linamgeuza kuwa sanamu. Na si kweli. Siku ya habari za Nobel, Oktoba 2004, alikuwa Nyeri, na alichofanya ni kupanda mche wa Nandi flame akitazama Mlima Kenya. Mtu hapandi mche akiwa amesimama wima. Nguvu yote ya maisha yake ilitokana na kujua ainame mbele ya nini, na akatae kuinama mbele ya nani.

Tena kitabu kinakomea kwenye kilele: ubunge, unaibu waziri, Nobel. Hakingeweza kujua kilichofuata. Tetu, iliyompa asilimia 98 ya kura mwaka wa 2002, ilimwacha nje 2007. Mshindi wa Nobel alikosa kiti cha ubunge nyumbani kwao. Kwa hesabu za MC, huo ni mteremko: Mheshimiwa amekuwa Mheshimiwa wa zamani. Kwa hesabu za kitabu, ni cheo kingine tu kilichoondoka, na alikuwa ameshazoea. Aliendelea na miti hadi alipofariki Septemba 2011.

Leo barabara iliyoitwa Forest Road ina jina lake, na mbele ya jina wameweka "Profesa". Sawa, alikisomea. Lakini ukipita na matatu hapo, kumbuka Msitu wa Karura, ule alioupigania 1999 hadi akapasuliwa kichwa. Haujaandikwa cheo popote, na bado umesimama.