Baiskeli ya Safari kwa Njia za Shinyanga na Geita

Baiskeli ya safari katika ukanda wa Shinyanga na Geita hupimwa kwanza kwa gurudumu la nyuma. Ndilo linalobeba abiria wa baiskeli za kukodi, ziitwazo daladala mjini Shinyanga, gunia la mahindi na viroba vya mawe ya dhahabu vinavyopelekwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe. Baiskeli za chuma za mtindo wa Kiingereza, zilizosambazwa na Raleigh na ambazo leo hutoka India na China kwa majina kama Hero, Avon na Phoenix, hutumia matairi ya inchi 28. Mpangilio wake wa jadi ni spoku 32 mbele na 40 nyuma, na kwa mzigo mzito haifai kukubali pungufu. Mnunuzi ainue gurudumu, alizungushe na kutazama kama ringi inayumba, kisha abane spoku mbili mbili kwa vidole. Spoku iliyolegea huziachia jirani zake uzito wote, nazo hukatika njiani.

Fremu iwe ya chuma. Ikipasuka Kahama au Katoro, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea huiunga, jambo lisilowezekana kirahisi kwa alumini. Mabomba mawili ya juu huongeza uimara, ingawa maungio ndiyo yanayostahili jicho kali zaidi: ufa mwembamba chini ya rangi mpya ni sababu tosha ya kuiacha baiskeli dukani. Keria ifungwe kwa vyuma vinavyoshuka hadi kwenye ekseli.

Gia nyingi huvutia macho. Hata hivyo, udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua hunasa kwenye mnyororo na kuziba kila nafasi, hivyo gia moja yenye meno mengi kiasi nyuma ni chaguo la busara, hasa kwa vilima vya Geita. Kwa sababu hiyohiyo, kati ya tairi na madigadi vidole viwili vipite.

Breki za vyuma hubana ringi kwa ndani, kwa hiyo ringi iliyoyumba kidogo haizisumbui sana. Zikilowa hupungua nguvu, na mteremko wa mvua unahitaji mwendo wa pole. Krenki ikitikiswa kwa mkono isicheze. Kiti chenye springi kinatosha, mradi kipandishwe hadi mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini.