Kitengela Walitupa Awamu

Mliokuwa ukumbini Kitengela, vijana walipoonyesha hologramu waliyoikokotoa kwa kompyuta, mliona wenyewe. Leza iliwashwa, filamu ikawekwa kwenye fremu, na ukutani, mahali tulipoahidiwa herufi K, pakatokea nukta nyekundu kali iliyozungukwa na ukungu. Vijana wakalaumu leza, kisha wakalaumu mwanga wa madirishani. Leza haikuwa na kosa lolote. Hologramu ile ilifia kwenye kompyuta, kabla haijafika kwa mchapaji, na iliuawa na mstari mmoja wa programu.

Mstari wenyewe tuliuona kwenye projekta. Walipokwisha kupata badiliko la Fourier la picha yao, waliita amri ya abs, wakachukua ukubwa wa kila namba changamano na kuuchapa. Awamu, yaani hatua ambayo kila wimbi limefikia katika mzunguko wake, ikaachwa nje. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwamba filamu ina nyeusi na uwazi tu, kwa hiyo haiwezi kubeba awamu.

Jibu hilo lilikanushwa mwaka 1966. Brown na Lohmann wa IBM walikuwa na filamu ya nyeusi na uwazi kama hii, na kompyuta ambayo simu iliyo mfukoni mwako inaizidi mbali sana. Waligawa filamu katika vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba wakaweka dirisha moja. Kimo cha dirisha kilibeba ukubwa wa wimbi. Kulisogeza kushoto au kulia kulibeba awamu, kwa sababu dirisha likisogea, mwanga unaotoka kwa pembe husafiri masafa marefu au mafupi zaidi, na tofauti hiyo ya safari ndiyo awamu. Hakuna wino wa ajabu uliohitajika.

Na kama ni lazima kitu kitupwe, basi hutupwa ukubwa. Mwaka 1969 Lesem, Hirsch na Jordan walitengeneza hologramu iitwayo kinofomu kwa kubaki na awamu peke yake, na picha ikatoka. Mwaka 1981 Oppenheim na Lim walionyesha kwamba ukichukua ukubwa wa picha moja na kuuchanganya na awamu ya nyingine, jicho linaitambua ile iliyotoa awamu. Ukubwa bila awamu ni kujua ngoma ilipigwa kwa nguvu gani bila kujua ilipigwa lini. Vijana wetu walihifadhi nusu isiyofaa.

Kazi nyingine ilikuwa safi. Filamu ya nukta 2400 kwa inchi ilitosha: kwa leza ya nanomita 650 na ukuta ulio mita 3, picha inaweza kuenea sentimita 9 hivi kila upande wa katikati. Kukokotoa hologramu badala ya kuipiga kwa leza kama picha pia kulikuwa sahihi, maana malori ya saruji ya Athi River yanatikisa Barabara ya Namanga, na hologramu ya kupigwa huharibika meza ikisogea hata sehemu ya urefu wa wimbi la mwanga.

Nimeshasema hapa, na nitasema tena, kwamba feni za taa madukani na piramidi za plastiki za simu, ambazo huitwa hologramu bila kuwa hologramu, zimetuzoesha vibaya. Hata “hologramu” ya Tupac kwenye tamasha la Coachella, 2012, ilikuwa mwakisiko tu, mbinu ile ile ambayo John Henry Pepper aliitumia London katika miaka ya 1860. Tumezoea kuhukumu kwa kinachopendeza kwenye kioo cha kompyuta. Ukubwa hupendeza pale, una umbo. Awamu huonekana kama takataka, na mwenye haraka huifuta.

Vijana wa Kitengela, msikimbilie kuchapa filamu nyingine. Ondoeni abs. Ipeni picha awamu ya nasibu ili nguvu isirundikane katikati, jengeni vyumba vya Lohmann, kisha rudieni mahesabu kwa njia ya Gerchberg na Saxton ya 1972 mpaka herufi isafike. Onyesho lijalo nitakuja, na safari hii leteni K.