Nani Mhalifu? Sheria na Ng'ambo katika Vuta N'kuvute, kutoka Riwaya hadi Filamu

Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilichapishwa mwaka 1999. Filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilioneshwa Toronto mwaka 2021. Ni rahisi kukichukulia kisa hiki kuwa cha mapenzi yaliyovuka mipaka ya rangi. Sehemu hii inakisoma kama kisa cha uhalifu, na inadai kwamba filamu imelihifadhi swali la nani mhalifu, ila imepunguza uzito wa wanaolipia jibu lake.

Katika hadithi za uhalifu zilizozoeleka, kosa hutangulia, upelelezi hufuata, kisha sheria hurejesha utulivu. Shafi anaupindua mpangilio huo. Yasmin anamkimbia Raza, mume aliyeozwa akiwa na miaka 15, na jamaa zake wanamkataa. Denge anasakwa na polisi wa kikoloni kwa sababu ya siasa zake. Mmoja amevunja mila, mwingine amevunja sheria ya Mwingereza, na Ng'ambo inawasitiri wote wawili. Kwa hiyo, utulivu ambao polisi wanataka kuurejesha ndio kosa lenyewe.

Riwaya inalijenga jambo hili kwa msimulizi maizi, mwenye nafasi ya kuingia katika mawazo ya mhusika na kukaa naye. Filamu, yenye takriban saa moja na nusu, inategemea nyuso, vivuli na sauti. Kumpa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, nafasi ya Mwajuma ni uamuzi wenye tija: sauti yake inabeba sehemu ya kazi ya msimulizi. Hata hivyo, usiku wa filamu umepambwa mno. Kuta chakavu zinapendeza kiasi kwamba ufukara, unaojitokeza katika riwaya kupitia mambo madogo ya kila siku, unageuka kuwa mandhari.

Inaweza kudaiwa kwamba maskini nao wanastahili kuonekana katika uzuri wao. Hoja hiyo ni ya haki, na mtafiti anaikubali kwa upande wa wahusika. Haitoshi kwa upande wa mahali. Mtafiti anatoka Kigwa, palipopita misafara ya kati ya Unyanyembe na Bagamoyo. Miongoni mwa watu wa bara waliofika Unguja walikuwamo wapagazi na watumwa, na vizazi vyao vilikuwa sehemu ya wakazi wa Ng'ambo. Mtaa huo ulijengwa na watu waliokwisha kuonja sheria iliyowafanya mali au mizigo. Ndiyo maana mlango wa Mwajuma unafunguka kwa mkimbizi bila kuuliza kosa lake.

Kwa msingi huo, tathmini ya ugeuzaji wa riwaya kuwa filamu isiishie katika kuhesabu matukio yaliyoachwa. Ipime pia kama historia iliyoufungua mlango ule bado inaonekana.