Fundi ana wateja, hana mhakiki: juu ya vifuniko vya tablo kwenye Land Cruiser zetu za zamani

Wandugu wahitimu, kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya, nyimbo na hotuba za wanasiasa. Leo naomba tuhakiki kitu ambacho wengi wetu tumekaa mbele yake masaa na masaa bila kukitazama: kifuniko cha dashibodi. Huku kwetu tunasema tablo, basi na mimi nitasema tablo. Nazungumzia zile Land Cruiser za zamani zilizobaki kwenye njia za Kasongo, Kabambare na Salamabila. Zimekuwa chache, pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi yao. Lakini zinazotembea bado, nyingi tablo yake ya kiwandani ilishakufa, na fundi wa viti akaivalisha ngozi mpya.

Neno langu ni hili: kazi hiyo ni sanaa kamili, ila sisi tunaisifu kwa sababu zisizo zake, na sifa zetu zinamfundisha fundi kufanya kazi inayohatarisha watu barabarani.

Tuanze na kifo cha tablo yenyewe, juu bila kuelewa ugonjwa huwezi kuhukumu dawa.

Land Cruiser ya mfululizo wa 60 ilitengenezwa Japani kuanzia 1980 hadi 1990. Yenye alama HJ60 ni ile ya dizeli, silinda sita, ambayo madereva wazee wanaitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe mwema. Injini inadumu, chuma kinavumilia, lakini tablo inapasuka. Si kwetu tu: wenye gari hilo Australia na Marekani wanalia kilio kile kile. Ngozi ya juu ya tablo ni plastiki ya PVC, na PVC kwa asili yake ni ngumu. Kiwandani wanaichanganya na kemikali ya kuilainisha. Jua na joto vinaifukuza kemikali ile kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Ule utando wa mafuta ambao dereva anaufuta kwa ndani ya kioo cha mbele, sehemu yake imetoka humo. Ngozi ikishakauka inasinyaa, inajivuta, na inapasukia pale penye udhaifu: kwenye pembe, pembeni ya matundu ya hewa, pembeni ya matundu ya spika. Chini yake sponji nayo inazeeka, ukiigusa inamomonyoka kama unga wa muhogo. Gari likifungwa madirisha na kuachwa juani, uso wa juu wa tablo unaweza kupita digrii 60. Sasa hesabu miaka thelathini na kitu ya jua la Maniema.

Kununua kifuniko kilichotengenezwa tayari kunawezekana, vinauzwa kwenye intaneti. Vingine ni ganda gumu la plastiki la kubandika juu ya tablo ya zamani, vingine ni zulia la kutandika tu. Taabu ni kwamba kila kimoja kimekatwa kwa aina moja ya gari na kwa upande mmoja wa usukani. Sisi tunaendesha kulia na usukani wetu wa kawaida uko kushoto, lakini mashariki ya Kongo kumejaa magari yaliyokuja na usukani wa kulia, na mengine mafundi walishayahamisha usukani kwa mikono yao. Ganda lililotoka Australia halijui habari hizo. Njo maana fundi wetu anapima mwenyewe na kukata mwenyewe.

Na kupima huko ndiko kwenye akili ya kazi nzima. Tablo haina uso ulionyooka hata kidogo: inapanda juu ya mita, inashuka mbele ya abiria, inaingia ndani kwenye matundu. Ngozi ni bapa. Kuivalisha bapa kwenye kitu chenye vilima ni hesabu ile ile inayowatesa wachora ramani, wanaotaka kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi. Fundi anaitatua kwa patroni, kama mshona nguo. Anafunika tablo kwa karatasi au plastiki nyembamba, anaibana kwa utepe, anachora mstari pale anapotaka mshono upite, kisha anaikata vipande. Kabla ya kuvitoa anaweka vialama vidogo vya kukutanisha kipande na kipande. Anahamishia kwenye ngozi, anaongeza kama sentimita moja ya mshono kila upande, anashona. Nyufa za zamani lazima azijaze na kuzisugua kwanza, la sivyo baada ya mwezi zitajichora tena chini ya ngozi mpya, kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Gundi inapakwa pande zote mbili, inasubiriwa mpaka isinate kidole, halafu ngozi inakandamizwa kuanzia katikati kwenda nje. Akikosea alama moja ya katikati, kifuniko kizima kinakwenda upande.

Nimetazama vifuniko vingi, hapa nitahukumu vitatu.

Cha kwanza niliona Kasongo. Ngozi nyekundu inayong'aa, mishono miwili miwili ya uzi mweupe, na katikati nyota imeshonwa. Watu walikuwa wanaingiza vichwa dirishani kuitazama. "Hii ni ya Ulaya kabisa!" Na kweli mkono wa fundi ni mzuri: mishono imenyooka, pembe hazina makunyanzi. Lakini kaa kwenye kiti cha dereva saa sita mchana. Tablo iko chini ya kioo cha mbele kilicholala, na kila kinachong'aa juu yake kinajirudia kwenye kioo. Dereva anaona barabara kupitia wekundu, na ile mishono myeupe inasimama mbele ya macho yake kama mstari wa meno. Mtoto akikatiza barabara kwenye vumbi, dereva huyu atamwona kwa kuchelewa. Tablo nyingi za kiwandani zimefanywa nyeusi, kijivu au kahawia isiyo na mng'ao, na sababu kubwa ni hiyo ya macho. Kifuniko hiki ni hotuba nzuri iliyosomwa mbele ya watu wasiotakiwa kuisikia.

Cha pili kilikuwa kwenye gari la Kabambare, tena chenyewe kina unyenyekevu. Blanketi la manyoya mafupi, rangi ya kijivu, limebandikwa kutoka mwisho hadi mwisho. Halirudishi mwanga, jua halilisumbui, bei yake ndogo. Kama ningehukumu kwa macho ya dereva tu ningelipa alama nyingi. Lakini fundi hakufungua yale matundu marefu chini ya kioo, yanayopuliza hewa ya kukausha ukungu. Wakati wa kiangazi hakuna atakayejua. Mvua za Novemba zikija, watu kumi na mizigo yao wanapumua ndani ya gari lililofungwa, kioo kinakuwa cheupe, na dereva anaendesha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine unafuta kwa kitambaa. Halafu gundi ilikuwa ile ya viatu. Gundi ya viatu ya kawaida inalainika kwa joto, kwa hiyo kingo zilikuwa zimeanza kuinuka, na vumbi jekundu limeshajificha humo.

Cha tatu hakuna mtu anayekisifu. Kahawia nzito, imefifia kama ganda la mti, uzi wa rangi ile ile. Mshono mkuu umepita kwenye ukingo wa mbele, chini ya mstari wa macho ya dereva, na umepigwa mara ya pili kwa juu ili uulaze na uushike. Matundu ya hewa yote yamefunguliwa, na ngozi imekunjwa kuingia ndani, haikukatwa tu na kuachwa ichanike. Juu ya mita kuna kofia ndogo iliyoshonwa peke yake, ili siku mita ikiharibika fundi wa umeme aitoe bila kupasua kazi nzima. Hapo ndipo nilipovua kofia na mimi, juu fundi huyu alimfikiria fundi mwenzake ambaye bado hajaja. Ina kasoro: pembe ya upande wa abiria ina makunyanzi matatu, ngozi ilihitaji kupashwa joto zaidi kabla ya kuvutwa pale. Lakini ukikaa kwenye kiti na kutazama mbele, unaona barabara, basi. Kifuniko kimekaa kimya kikakuachia njia.

Nilimuuliza fundi wa Kasongo, yule wa wekundu, kwa nini asishone kama hii ya tatu. Hakukasirika. Alisema: "Yaya, batu banapenda kitu inang'aa. Ukimuletea ile ya kufifia anasema umemutengenezea ya matanga. Na bei anashusha." Hilo ndilo jibu ninalotaka tulibebe. Fundi anajua kushona. Anachokosa ni mtu wa kumwambia, kwa lugha ya kazi yenyewe, hapa umepatia na hapa umetukosesha barabara. Mteja anazungumza naye lugha moja tu, ya bei. Wapita njia wanazungumza naye lugha ya ajabu na makofi. Kati ya bei na makofi, sanaa yoyote inakwenda kwenye kung'aa.

Wako watakaosema: huu ni uhakiki wa watu walioshiba, barabara yenyewe ni mashimo, madaraja yamelala, na wewe unasumbuka na rangi ya tablo. Nasikia. Lakini ubaya wa barabara ndio unaofanya macho ya dereva yawe mali. Kwenye lami iliyonyooka sekunde moja ya mng'ao inaweza kusamehewa. Kwenye njia ya matope yenye watu wa miguu, mbuzi na baiskeli za mawese, haisamehewi. Na sharti la kutong'aa haliongezi bei kubwa: ngozi iliyofifia na ngozi inayong'aa zinatoka soko moja.

Wengine watasema uhakiki wa vitu ni jambo la wazungu na makumbusho. Hapana. Mama akinunua mkeka sokoni hatazami rangi tu, anaugeuza aone mgongo wake, anavuta ukindu wa pembeni. Huo ni uhakiki. Na hapa hapa Maniema, kwa Warega, chama cha bwami kilifanya zaidi ya hapo: sanamu na vitu vyake vilikuwa vinaonyeshwa pamoja na methali, nyimbo na ngoma, na aliyepanda daraja alitakiwa ajue maana ya kitu, si kukimiliki tu. Kitu bila neno lake kilikuwa nusu. Sisi tuliosoma ndio tulioanza kudhani neno ni la vitabu tu.

Nairobi wana mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970. Majaji wanakagua gari nje, ndani, mpaka chini ya uvungu, na kutoa alama. Magari yale hayabebi mihogo, sawa, na sisemi tuanzishe mashindano. Nachukua kitu kimoja tu kutoka kwao: vigezo vinajulikana kabla, kwa hiyo anayeshindwa anajua ameshindwa wapi.

Vigezo vyangu vya tablo ni vitano, vibishieni. Kaa kwenye kiti cha dereva jua likiwa juu: je, kifuniko kinaonekana kwenye kioo? Washa kipulizo: je, hewa inafika kwenye kioo? Bonyeza kingo gari likiwa limechemka: je, gundi imeshika? Tafuta mita: je, inatoka bila kisu? Na cha tano, gari likiwa la miaka ya karibu lenye mfuko wa hewa upande wa abiria, usifunike kabisa bila mtu anayeujua mfumo ule, juu mfuko unatakiwa upasue njia yake siku ya ajali, na ngozi ngeni iliyobandikwa pale inaweza kuuzuia. HJ60 haina mfuko huo. Gari litakaloletwa kesho kwa fundi yule yule linaweza kuwa nao.

Baada ya uzuri wa rangi, ambao kila mtu ana wake, hivyo ndivyo vya kuuliza kabla ya kupiga makofi. Na kuna kazi moja ndogo ambayo mhitimu anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: patroni. Mafundi wengi wakimaliza wanatupa karatasi, gari lingine la aina ile ile likija wanaanza upya. Ukiwa na kalamu, rula na daftari, unaweza kukaa na fundi nusu siku, kunakili vile vipande kwa vipimo, kuandika aina ya gari, mwaka na upande wa usukani, na kumwachia daftari lake. Baada ya gari la pili ataona kosa la kwanza liko wapi, juu sasa liko kwenye karatasi.

Tuna diploma, tunangoja kazi, na tunalalamika kwamba huku hakuna cha kuandikia. Tablo ziko pale kwenye egesho la magari, na mafundi wanafungua asubuhi. Nendeni mkakae kwenye kiti cha dereva kwanza, halafu mseme.