Nani Anavamia? Hoja ya Fainali ya Gaborone na Dakika 15 za Kukisia

Hoja iliyochaguliwa kwa ajili ya fainali ya Mashindano ya Midahalo ya Vyuo Vikuu Duniani, iliyofanyika Gaborone, Botswana, mwanzoni mwa Januari 2011, iliandikwa vibaya, na kosa hilo lilistahili kuonekana na jopo la waamuzi wakuu kabla halijafika ukumbini. Kwa Kiswahili inasomeka hivi: "Bunge hili lingeivamia Zimbabwe." Wengi wa walioitazama fainali ile kwenye video wamebaki wakibishana kuhusu hotuba, ilhali kilichostahili ubishi ni maneno hayo manne.

Mtindo uliotumika ni ule wa Bunge la Uingereza, ambao klabu za vyuo vya Mbeya na Iringa zinaufahamu: timu nne za watu wawili wawili, mbili za Serikali na mbili za Upinzani, kila upande ukiwa na timu ya ufunguzi na timu ya ufungaji. Kila msemaji ana dakika 7, ambapo ya kwanza na ya mwisho hulindwa asikatizwe, na katika tano za kati upande wa pili huruhusiwa kusimama na kuomba kutoa taarifa, yaani swali au pingamizi fupi lisilozidi sekunde 15. Maandalizi yote huchukua dakika 15 tangu hoja itangazwe. Wenzi wawili hujiandaa peke yao bila kocha, bila simu wala kompyuta, ingawa makaratasi waliyokuja nayo yanaruhusiwa.

Ndani ya dakika hizo ndimo kosa la Gaborone lilimokaa. Kanuni humpa msemaji wa kwanza wa Serikali, anayeitwa Waziri Mkuu, mamlaka ya kutoa fasili, yaani kueleza maneno ya hoja yana maana gani katika mdahalo huo, na fasili hiyo, ikiwa ni ya busara, huzifunga timu zote zilizosalia. Hoja ikisema "kuvamia" bila kumtaja mvamizi, basi Waziri Mkuu ndiye atakayeamua kama majeshi ni ya Botswana, ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), ya Umoja wa Afrika au ya dola kubwa kutoka nje ya bara, na hakuna timu nyingine itakayojua uamuzi huo mpaka atakaposimama kuzungumza. Matokeo yake ni kwamba timu tatu kati ya nne hulazimika kuzitumia dakika 15 kukisia. Upinzani wa ufunguzi unaoandaa hoja kuhusu udhaifu wa jeshi la nchi moja jirani unaweza kukuta umeletewa kikosi cha Umoja wa Afrika, na karatasi yake yote ikawa haina kazi. Serikali ya ufungaji ina mtihani mgumu zaidi, kwa sababu inadaiwa nyongeza, ambayo ni hoja mpya yenye uzito inayoendeleza upande wake, na wakati huohuo hairuhusiwi kuikana fasili iliyotolewa na wenzao wa ufunguzi. Mnadhimu wake, msemaji wa mwisho wa timu hiyo, anatetea uvamizi ambao hakuuchagua, wa jeshi ambalo hakulijua robo saa kabla.

Zipo hoja ambazo ukimya wa namna hii hauzidhuru. Hoja ya kufuta adhabu ya kifo haihitaji kumtaja mtendaji, kwa kuwa kila msikilizaji anajua ni dola inayotunga sheria ndani ya mipaka yake. Uvamizi haufanani na hilo, kwa sababu uhalali wake, gharama yake na uwezekano wake wa kufaulu vyote vinaanzia kwa yule anayevamia. Kiambishi "-nge-" nacho kinaongeza uzito wa jambo. Katika midahalo kinamaanisha kwamba wajumbe wasipoteze muda kubishana kama tendo litatokea, bali wachukulie limetokea na wapime kama ni jema; lakini tendo lisilo na mtendaji halipimiki, hata likichukuliwa kuwa limetokea.

Watetezi wa uamuzi ule husema kwamba fainali inahitaji mada nzito na kwamba ilikuwa ushujaa kuitangaza katika Botswana, nchi inayopakana na Zimbabwe, kwani serikali ya Botswana chini ya Rais Ian Khama ilikataa kuutambua uchaguzi wa Zimbabwe wa Juni 2008. Uzito wa mada haupingwi hapa. Hata hivyo, ushujaa wa kutaja nchi inayovamiwa huku nchi inayovamia ikifichwa ni ushujaa nusu, na wakati ule ulikuwa na hatari ya kipekee: Morgan Tsvangirai, kiongozi wa upinzani, alikuwa Waziri Mkuu wa Zimbabwe tangu Februari 2009 kwa makubaliano ya kugawana madaraka yaliyotiwa saini Septemba 2008 kwa usuluhishi wa SADC. Je, mvamizi angeingia kwa mwaliko wa nusu ya serikali hiyo, au kwa kuiangusha yote? Ikiwa mvamizi ni SADC, basi anavunja makubaliano aliyoyasimamia mwenyewe. Ikiwa ni mwingine, swali la kuvunja makubaliano yake mwenyewe halipo kabisa. Mdahalo mmoja ulikuwa na midahalo minne ndani yake, na wachezaji hawakuambiwa ni upi watakaoucheza. Timu ya Chuo Kikuu cha Monash ilishinda fainali hiyo, na haidaiwi chochote.

Uchungu wa jambo hili kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini ni kwamba mada hiyo ni yao. Mwanafunzi aliyekulia Uyole, pale njia kuu inapogawanyika, moja ikielekea Tunduma na Zambia na nyingine ikishuka Tukuyu hadi mpaka wa Malawi, anaishi juu ya historia ya kuibana serikali ya Salisbury, kama Harare ilivyoitwa zamani. Baada ya walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipita barabara hii kwa malori, kisha likaja bomba la TAZAMA mwaka 1968, na baadaye reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860. Mwanafunzi huyo pia ana mfano wa nchi iliyoingia kwa jirani na kumwondoa mtawala, kwani Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Lakini mfano huo wa Vita vya Kagera una nguvu kwa sababu mtendaji wake anajulikana: ni nchi iliyovamiwa kwanza, Oktoba 1978, ikajibu. Ukiwekwa kwa mvamizi asiye na jina, unapoteza nusu ya maana yake.

Namna hoja inavyopaswa kuandikwa ilikwisha kuonyeshwa na mtu wa Mbeya. Agosti 1993, Njelu Kasaka, Mbunge wa Lupa, akiungwa mkono na kundi la wabunge lililokuja kuitwa G55, alipeleka bungeni hoja binafsi ya kuundwa kwa Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, wakati Spika akiwa Adam Sapi Mkwawa wa Iringa. Mtu anaweza kuipinga hoja ile, na Mwalimu Nyerere aliipinga kwa kitabu kizima, lakini hakuna aliyelazimika kukisia inasema nini. Anayetakiwa kutenda alijulikana kuwa ni Serikali, kinachoundwa kilitajwa, na maneno "ndani ya Muungano" yaliziba mlango wa wale ambao wangedai kuwa lengo ni kuvunja nchi. Waandishi wa hoja wa leo, wenye shahada na miongozo minene, hawajaufikia usafi huo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutangaza mada siku kadhaa kabla, kama inavyofanyika katika midahalo mingi ya sekondari, na safu hii imekwisha kulipinga hilo mara nyingi. Mwanafunzi akipewa wiki nzima hukariri hotuba, kuanzia salamu kwa mwenyekiti na mtunza muda hadi nukta ya mwisho, na taarifa moja tu ikimfikia katikati humpoteza, hata kama meza zimegongwa kwa shangwe. Dakika 15 zinatosha kabisa. Wenzi waliofunzwa vizuri hukunja karatasi ya fulskepu katikati, huyazungushia duara maneno "Bunge hili" kabla ya kuandika neno jingine lolote, na chini yake huandika maswali mawili, nani na kwa mamlaka gani; hoja safi huyajibu yote mawili ndani ya dakika moja, na 14 zinazobaki huenda kwenye kufikiri.

Makocha wa Mbeya na Iringa wanaoendelea kuwapa wanafunzi wao hoja ya Gaborone kwa mazoezi wanapaswa kuiandika upya kwanza: "Bunge hili, likiwa ni SADC mwaka 2011, lingepeleka majeshi kuiondoa madarakani serikali ya Zimbabwe." Saa ianze kuhesabiwa baada ya hapo.